Kushika Kiwanja cha Pasaka

Rolando Cavazos alikuwa baba wa kuanzia Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Hakimu ndiye aliyempangia hivyo: wikiendi ya kwanza ya mwezi, ya tatu, na ya tano ikitokea. Siku zilizobaki watoto walikaa kwa mama yao, Nereida, upande wa pili wa jiji la San Antonio. Miezi mingi haina wikiendi ya tano, na Rolando aliijua kwa tarehe kila miezi iliyokuwa nayo.

Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la mashuka. Alichukua machafu hotelini, akayapeleka kufuliwa, akarudisha masafi. Mshahara ulitosha kodi, mafuta na matunzo ya watoto, na ulichobakiza hakikustahili kuhesabiwa. Lakini mtu aliyepewa watoto wikiendi mbili kwa mwezi hawezi kuwafungia chumbani wakatazama ukuta. Kwa hiyo Rolando alikuwa bingwa wa vitu vya bure. Alijua bwawa gani halina kiingilio na makumbusho gani hufungua milango bure Jumapili. Alijua maktaba inayoazimisha fimbo za kuvulia samaki na ukingo wa mto ambao samaki wenyewe hawajawahi kuusikia. Kabla ya kuwapeleka watoto mahali, alikwenda kwanza peke yake saa ya chakula cha mchana kukagua: vyoo viko umbali gani, bomba la maji linatoa maji, kivuli kinahama saa ngapi. Kuna harusi ambazo hazipangwi kwa umakini huo.

Ubaya wa vitu vya bure ni kwamba navyo huisha. Baada ya miaka miwili watoto walikuwa wameona kila kitu ambacho jiji lile linaonyesha bila kudai hela, na vingine mara saba. Beto, wa miaka sita, hakujali. Ukimpa kijiti na tope alikuwa amefika peponi. Yadira ndiye aliyejali. Alikuwa na miaka kumi na mmoja na kitu, na alikuwa amefikia umri wa kumtazama baba yake kama mtu anayeweza kukosea.

Wikiendi moja ya Machi, wakiwa garini, Rolando alipendekeza waende bwawani kuona bata.

"Wale bata tumeshawaona, Baba," Yadira alisema. "Na wao wametuona. Yule mwenye kichwa cha kijani akituona anaondoka."

Kisha, akitazama nje kupitia dirishani, alisema kwamba amefikiria, na baada ya Pasaka angependa wikiendi awe anabaki kwa mama. Binamu zake wote wako huko, na huko kuna mambo. Hakuyasema kwa hasira, na hilo ndilo lililomtisha Rolando. Mtoto akikasirika utambembeleza. Akishaamua kwa utulivu, utambembeleza nini? Beto akadakia kutoka nyuma kwamba na yeye pia, halafu akauliza wanazungumzia nini.

Rolando alijisikia akisema kwamba mwaka huu Pasaka imeangukia kwenye wikiendi yake, na watakuwa na kiwanja chao wenyewe kando ya mto.

Yadira aligeuka. "Sisi watatu?"

"Sisi watatu."

Alilifikiria jambo hilo mpaka taa ya barabarani ikawaka kijani. "Haya," alisema. "Pasaka nitakuja. Halafu tutaona."

Watu wa San Antonio hawali Pasaka nyumbani. Hufunga virago Alhamisi, wakahamia kwenye bustani iliyo kandokando ya mto na mahema, majiko, mabibi na mbwa, wakalala hapo mpaka Jumapili. Hakuna anayelipa. Unachohitaji ni mahali, na mahali hupatikana kwa kupakalia. Ukoo wa Nereida, akina Zepeda, walikuwa na ukingo wao tangu enzi za babu. Rolando alikuwa mkwe wao kwa miaka tisa, na kila Pasaka alifika Jumapili saa tano asubuhi na mifuko miwili ya barafu, akanawa mikono, akala. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Yeye aliviona vikielea miaka tisa mfululizo na hakuwahi kuuliza nani aliunda. Mwaka huu Nereida alimwambia kwa simu, bila ubaya, kwamba kama ni kwa ajili ya watoto aje akae nao tu, nafasi ipo. Rolando alishukuru, akasema hapana haja. Maskini jeuri.

Alijiandaa. Tangu Januari alikula mayai kila asubuhi, akiyatoboa juu kwa uangalifu ili ganda libaki zima, kwa sababu Pasaka ya huko haijawa Pasaka mpaka mtoto amempasulia mwenzake kichwani yai lililojazwa vipande vya karatasi za rangi. Kufikia Aprili alikuwa na maganda mia moja na ishirini, na hamu ya mayai ilikuwa imemtoka kabisa. Alinunua kuku, soseji, mkaa na mkebe wa maharage. Aliazima hema. Aliomba ruhusa kazini siku mbili. Alhamisi kulipopambazuka tu alikuwa langoni, na lango lilipofunguliwa alikimbia na vigingi mkononi, mtu mzima wa miaka thelathini na minane, akapata kiwanja kizuri chenye nusu ya kivuli. Akazungusha utepe wa njano pande zote nne. Akafungua kiti, akaketi. Ilikuwa saa moja na robo na alijiona mshindi.

Saa nne akataka kwenda chooni.

Kiwanja cha jirani kilikuwa cha Bibi Chonita, mama wa miaka sabini na minne aliyekuwa akikalia ukingo ule tangu mumewe akiwa na nywele. Rolando alimwamkia kwa heshima, akamwomba amwangalizie dakika tano. Bibi Chonita alimtazama, akatazama ule utepe, akatazama kile kiti kimoja.

"Wenzako wako wapi, mwanangu?"

Rolando akamweleza kwamba yuko peke yake mpaka Ijumaa jioni, atakapokwenda kuwachukua watoto.

"Kwa hiyo Ijumaa jioni kiwanja kitakaliwa na nani?"

Hilo ndilo jambo pekee ambalo Rolando hakuwa amelipanga. Alikuwa amekagua vyoo, mabomba na mwelekeo wa upepo. Bibi Chonita akamweleza sheria, taratibu, kama anavyoelezwa mtu aliyetoka mbali: utepe si kitu, hema si kitu, jiko si kitu. Panapokaliwa ni pa mtu, na pasipokaliwa ni pa yeyote. Kwa safari ya chooni jirani atakuangalizia, nawe utambebea barafu. Lakini kwa safari ya kuvuka jiji, hapana. Yeye mwenyewe alikuwa na viwanja viwili, chake na cha wakwe zake, kimoja alikikalia yeye na cha pili mwanawe, na wajukuu wasingefika kabla ya Jumamosi.

"Sasa nenda," alimalizia. "Dakika tano zako zimebaki tatu."

Alhamisi yote na Ijumaa mchana Rolando alibeba barafu. Alibeba ya Bibi Chonita, ya wakwe wa Bibi Chonita, na ya watu waliosikia tu kwamba kuna bwana anayebeba. Huku akibeba aliwaza. Angeweza kumpigia Nereida awalete watoto. Angeweza pia kuwaambia akina Zepeda wamtume kijana mmoja aje akae saa moja. Lakini kuomba ni kusema kwamba kiwanja chake hakisimami bila wao, na Yadira angelisikia kabla simu haijakatwa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za Rolando zilikuwa chache siku ile. Saa kumi na moja alasiri alifungua mlango wa nyuma wa gari lake, akatoa mashuka yaliyochakaa ambayo hoteli ilikuwa imeyatupa, akaanza kutengeneza mtu.

Alijaza suruali yake ya kazini. Akajaza shati. Akafunga buti miguuni, akapinda goti moja juu ya jingine ili mkao uwe wa mtu aliyepumzika kwa haki. Kichwa kilikuwa foronya ya mto, nacho akakishushia kofia mpaka kwenye pua, kama pua ingekuwepo. Akamkalisha kitini, akarudi nyuma hatua sita kukagua. Kwa mbali alionekana mtu aliyechoka. Kwa karibu alionekana mtu aliyechoka sana. Bibi Chonita alishuhudia yote hayo akimenya vitunguu. Rolando naye hakumtazama usoni. Akaondoka.

Barabara zilikuwa zimejaa watu wa Ijumaa Kuu. Alifika kwa Nereida amechelewa nusu saa. Beto alikuwa ameshalala na viatu kwenye kochi, na Yadira alikuwa ameketi ngazini na begi mapajani, akiwa na uso wa mtu aliyetabiri. Njiani Rolando hakusema kitu kuhusu kiwanja. Yadira aliuliza kama kuna kivuli. Alijibu kwamba kipo, nusu. Moyoni alikuwa anamwona mtu mwingine amewasha jiko pale, na Yadira akimtazama baba yake bila hata kushangaa.

Walipofika jua lilikuwa linazama. Utepe ulikuwepo, hema lilikuwepo. Mtu wa mashuka alikuwa bado kitini. Mabegani alikuwa amefunikwa blanketi, na mapajani alikuwa na sahani ya maharage na vichapati viwili vya tortilla, imefunikwa kwa kitambaa dhidi ya nzi.

Yadira alisimama. "Baba, yule ni nani?"

Rolando alishusha begi chini. Bibi Chonita akamwokoa, au akammaliza, inategemea unavyotazama. Alimwambia binti kwamba yule ni mkwe wake. Jioni ile alikuja jamaa mwenye buti za ngozi ya mamba, nyuma yake ukoo mzima na vyungu, akasema kiwanja hiki kina mtu mmoja tu na mtu mwenyewe hasogei. Basi yeye akamwambia jamaa kwamba mkwe ana sukari, ametoka zamu ya usiku, na akiamshwa ghafla huwa hawajui ndugu zake.

"Akafanyaje?" Yadira aliuliza.

"Akavua kofia, akamwomba radhi," alisema Bibi Chonita. "Kwa sauti ya chini. Nimeona haya kumwacha mtu anaombwa radhi na hajala, nikampa sahani. Mtulivu kuliko marehemu mume wangu, na anasikiliza zaidi."

Yadira alimtazama yule mtu, akamtazama baba yake, akayatambua mavazi. Alijaribu kujizuia. Alikaza midomo, akageuza uso upande wa mto, lakini mabega yakamsaliti, na alipoanza kucheka alicheka mpaka akachuchumaa. Rolando hakuwa amemsikia binti yake akicheka hivyo tangu walipoacha kuishi nyumba moja. Beto, aliyekuwa ameamka, alikwenda kumwamkia yule mtu na kumuuliza kama atamaliza maharage yake.

Usiku ule mashuka yalihitajika kutandikia watoto, kwa hiyo mkwe alifunguliwa na kulazwa chini yao. Jumamosi ilikwenda vizuri. Wajukuu wa Bibi Chonita walifika kumi na wanne, wakamchukua Beto kana kwamba walimwagiza. Yadira alisaidia kugeuza soseji. Rolando alianza kutumaini, na hilo lilikuwa kosa lake la pili.

Jioni akina Zepeda walifika kwenye ukingo wao, hatua mia tatu hivi kuteremka mto, walikokuwa wameshikiwa nafasi na wajomba. Walikuja na magari matano, spika, keki, na kasri la mpira la kurukia watoto, linalojazwa upepo kwa mashine. Lilipoinuka, mnara wake ulionekana juu ya miti. Beto aliuona kwanza. Yadira aliuona pia, lakini alijifanya anakuna mguu.

Jumapili saa nne, baada ya sala na baada ya kupasuliana mayai ya kwanza ishirini, Yadira aliuliza kama wanaweza kwenda kuwasalimia binamu.

"Nendeni," Rolando alisema.

"Nusu saa."

"Nendeni tu."

Waliondoka wakikimbia. Rolando aliwasha mkaa, akapanga kuku. Kuku wakaiva saa tano. Saa tano na nusu akawasogeza pembeni wasiungue. Saa sita akawafunika. Bustani ilikuwa imejaa sasa. Watu walizunguka na watoto mabegani wakitafuta pa kuweka hata mkeka, na kila aliyepita alitupa jicho kwenye kiti chake. Bibi Chonita alikuwa amezungukwa na watu arobaini wanaogombea mapaja ya kuku, hangeweza kuangalia hata begi lake mwenyewe. Kutengeneza mtu mchana kweupe mbele ya umati ule kusingewezekana, na hata hivyo suruali ilikuwa mwilini mwake.

Na alitaka kwenda chooni. Alitaka tangu saa tano.

Mtu mwenye akili angeinuka. Ilikuwa Jumapili mchana, Pasaka inaelekea ukingoni, kiwanja kina faida gani tena? Lakini Rolando aliona hivi: akiinuka kwenda kuwatafuta, atakuwa ni yule mkwe wa zamani anayefika kwa akina Zepeda saa ya kula. Na watoto wakirudi wakakuta masanduku ya watu wengine hapa, basi watakuwa hawana pa kurudi upande wake, na Yadira atakuwa amepata jibu lake. Kwa hiyo alikaa. Alibana miguu, akajikaza kisabuni, akawaitikia wapita njia kwa kichwa. Saa saba mnara wa kasri ulikuwa bado unatikisika juu ya miti. Saa saba na nusu aliacha kuutazama. Aliumia, na hakuwa na wa kumwambia.

Saa nane kasoro Yadira alikuja, peke yake. Nywele zake zilijaa vipande vya karatasi na mkononi alikuwa na sahani ya keki iliyofunikwa. Alisema Beto amekataa kutoka kwenye kasri, mama anamwangalia. Akawatazama kuku waliofunikwa, wote sita, hakuna aliyeguswa. Akamtazama baba yake na jinsi alivyokuwa ameketi.

"Umekaa hapa muda wote?"

"Watu ni wengi," alisema Rolando. "Ukiinuka tu..."

"Najua. Bibi Chonita aliniambia." Akaweka sahani juu ya hema lililokunjwa. "Inuka, Baba."

"Kwa nini?"

"Nenda chooni. Nitakaa mimi."

Rolando aliinuka. Ilimchukua muda, kwa sababu mguu mmoja ulikuwa umekufa ganzi. Yadira alijitosa kitini, akaegemea, akanyoosha miguu mpaka kwenye sanduku la barafu ili kiwanja kionekane kimejaa, akakunja mikono. Baba yake alitaka kusema kitu, lakini mwili haukumpa nafasi.

Foleni ya chooni ilikuwa ndefu kama ya siku ya uchaguzi. Alipotoka, alirudi kwa haraka, na kwa mbali akamwona mwanamume mmoja mwenye mwavuli kwapani na mke na watoto wanne, amesimama kwenye utepe wa njano akizungumza na binti yake. Rolando alianza kukimbia. Kisha akapunguza, akasimama nyuma ya mwaloni wa jirani. Mwanamume alizungumza kwa muda. Yadira hakushusha miguu. Alijibu kitu kifupi, mwanamume akainua mkono kuaga, akaondoka na watu wake.

Rolando alisubiri kidogo ndipo akajitokeza.

"Yule alitaka nini?"

"Aliuliza kama pana mtu."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia baba yangu yuko chooni, anarudi sasa hivi." Yadira alijikuna kifundo cha mguu. "Hapa pana sisimizi, unajua? Wananiuma tangu juzi. Mwaka ujao tuwahi, tushike pale kwenye mwaloni."

"Pale panakwenda dakika ya kwanza lango likifunguliwa."

"Basi tuje Jumatano, tukae langoni. Beto anaweza kulala garini."

Rolando alisema ataomba ruhusa kazini. Akafunua kuku, akamkatia binti yake paja, akajikatia na yeye. Yadira alipokea sahani, akala akiwa ameegemea vilevile, na hakuonyesha dalili yoyote ya kuinuka kwenye kiti, kwa hiyo baba yake alisogeza miguu ya binti kando, akaketi juu ya sanduku la barafu.